Pikapu ya Mayatima wa Ronge

Mali ya marehemu haigawiwi kabla ya kujulikana. Kwanza hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia ikiwa upo, ndipo warithi wapewe mafungu yao katika kilichobaki. Haya, wasomaji wetu, mwayajua. Lakini lipo jambo moja ambalo watu hulipita kwa haraka, nalo ni kuthamini. Shamba lina mipaka, mifugo ina soko, na fedha zina hesabu. Kitu kibovu je, thamani yake ni ipi? Ni nani aliyesema kwamba ni kibovu, na ametoa ushahidi gani? Juma hili twataka kulizungumza swali hilo kwa mfano wa gari kuukuu, na twawaomba mama zetu na dada zetu wasiupite ukurasa huu kwa kudhani kwamba mambo ya injini ni ya wanaume peke yao. Mtaona mbele kwamba aliyeujua ugonjwa wa gari hilo alikuwa mwanamke.

Tuliitwa Ronge, katika vilima vya Taita, na jamaa wa ndugu yetu mmoja aliyetangulia mbele ya haki. Aliacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, wote wangali wadogo. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kufariki. Mafungu yao hayana utata. Mke ana thumuni, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume akipata mfano wa fungu la wanawake wawili. Ukiigawa mali yote mafungu 32, mama ana 4, mwana wa kiume ana 14, na kila binti ana 7.

Mali yenyewe ilikuwa shamba dogo, mbuzi wachache, na pikapu ya Peugeot 504, ya petroli, ambayo marehemu alikuwa akiteremshia ndizi na mboga hadi soko la Voi. Jirani akiugua usiku, ndiyo iliyomchukua hospitali, na katika maziko ya watu wengi wa upande ule ndiyo iliyobeba jeneza. Miezi michache kabla ya kufa kwake ilianza kuzimika njiani, na baada ya mazishi ilikaa chini ya mwembe bila ya kuendeshwa.

Tulipofika, tulikuta shauri limekwisha kukatwa. Fundi mmoja wa mjini, ambaye hatumtaji, alikuwa ameandika katika karatasi kwamba injini imekufa, ringi zimeisha, na kuifungua na kuitengeneza upya kutagharimu shilingi 95,000. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kutaja bei yake, shilingi 40,000, na ami yao watoto akaona ni heri kuuza kuliko kutia fedha katika kaburi. Tulichotakiwa sisi ni kupiga hesabu tu: mama 5,000, mwana 17,500, na kila binti 8,750.

Hesabu ilikuwa sahihi. Lakini kabla ya kuiandika tuliuliza: hiyo 40,000 ndiyo thamani ya gari, au ni thamani ya maneno ya mtu mmoja? Mali ya yatima haiguswi ila kwa njia iliyo bora kwake, na khabari hainukuliwi kuwa ni kweli kabla ya kuthibitishwa. Ami yao alikuwa mtu mwema, na hakukasirika. Alisema, "Sheikh, mimi nimeletewa karatasi tu. Kama kuna njia nyingine, tuonyesheni."

Yafaa tuseme kidogo juu ya gari lenyewe, maana vijana wetu wa leo huenda hawalijui. Peugeot 504 ilitoka kiwandani Ufaransa mwaka 1968, na pikapu yake ikafuata mwaka 1979. Hapa Kenya nyingi ziliunganishwa Mombasa. Wazee wetu wanakumbuka kwamba 504 ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Pikapu zake zilipigwa bodi zikawa matatu, zikabeba miraa, samaki, maziwa na abiria katika njia ambazo magari mengine yalizikimbia. Sifa yake kubwa ni wepesi wa kutengenezeka. Hakuna kompyuta ndani yake. Kila kitu kinaonekana kwa macho na kushikika kwa mkono, kwa hiyo kila maradhi yake yana dalili ambayo mtu mwenye subira anaweza kuifuata.

Tukamwita mama wa watoto. Alikaa eda yake akaimaliza, na alikuja na daftari la marehemu mkononi. Tulimwuliza anajua nini juu ya gari. Akasema, "Sheikh, gari mimi silijui. Ila najua kwamba asubuhi huwaka mara moja. Tukiteremka Voi halina neno. Tukirudi, lami ya Mwatate hulipita vizuri, na tukianza kupanda huanza kukohoa. Likifika ule mpando mkali huzimika. Baba watoto hukaa kando nusu saa, akipiga stata tena, linawaka kama halikuwa na kitu."

Binti mkubwa, wa miaka kumi na mmoja, akaongeza kwa sauti ya chini, "Na baba akifungua kifuniko cha tangi hupiga mluzi."

Tulimtuma mtu Mwatate kumwita fundi mzee ambaye tangu ujana wake ametengeneza magari ya mashamba ya mkonge. Alisikiliza maneno hayo ya mama na binti mara mbili, kisha akatuambia jambo ambalo tumelihifadhi. Alisema kwamba gari ni kama mgonjwa, na fundi anayeshika spana kabla ya kuuliza ni kama mganga anayetoa dawa kabla ya kugusa mshipa. Ringi zilizoisha, akasema, hazipumziki nusu saa zikapona. Injini ya namna hiyo hutoa moshi wa buluu, hula oili, na hukosa nguvu asubuhi kama jioni, bondeni kama mlimani. Hii huwaka mara moja na haitoi moshi. Karatasi ya mjini ilikuwa imeanguka kwa ushahidi wa mwanamke na mtoto, kabla ya boneti kufunguliwa.

Hata hivyo hakukimbilia kuhukumu. Alieleza kwamba injini ya petroli yataka vitu vitatu: hewa, petroli na cheche, na gari linalozimika likipata joto huenda limekosa kimojawapo cha viwili vya mwisho. Koili iliyochoka nayo hufa ikipata joto na kufufuka ikipoa, kwa hiyo dalili zake hufanana sana na za njaa ya petroli. Asiyezitenganisha atanunua koili mpya, kisha kabureta mpya, kisha pampu mpya, na ugonjwa uko pale pale.

Basi tukaenda naye kuupanda mlima, sisi tumekaa kando yake. Kutoka Ronge Nyika, ambako ardhi ni kavu na joto ni kali, njia hupanda kuelekea Ronge Juu. Katika mpando ule ule aliotaja mama, gari likakohoa, likatikisika, likazimika. Fundi hakungoja lipoe. Alichomoa waya wa plagi moja, akatia ndani yake plagi nyingine aliyokuja nayo, akailaza juu ya chuma cha injini, na kijana akapiga stata. Cheche ikaruka, ya buluu na yenye nguvu. Koili ikatoka katika orodha ya watuhumiwa. Kisha akafungua plagi mojawapo ya injini: ilikuwa kavu, haina hata harufu ya petroli. Plagi iliyolowa huonyesha kwamba petroli imezidi. Plagi kavu katika injini iliyokataa kuwaka huonyesha kwamba petroli haikufika.

Hapo akatueleza safari ya petroli, na sisi twaieleza kama tulivyoifahamu. Petroli hukaa katika tangi, nyuma ya gari. Hupita katika bomba jembamba la chuma na vipande vya mpira hadi kwenye pampu iliyo ubavuni mwa injini. Pampu hiyo haina umeme. Ndani yake kuna utando unaovutwa na kuachiliwa na wenzo, na wenzo husukumwa na mzunguko wa injini yenyewe. Utando ukivutwa, petroli hufyonzwa kutoka tangini. Ukiachiliwa, petroli husukumwa mbele hadi kwenye kabureta. Humo kuna kisima kidogo chenye boya. Kisima kikijaa, boya hupanda na sindano huziba mlango. Kikipungua, boya hushuka na mlango hufunguka. Kutoka kisimani petroli hupita katika matundu membamba mno, ikachanganyika na hewa na kuingia injini.

Njia ni moja, na kila kituo chaweza kupimwa peke yake. Fundi aliangalia kwanza kwenye mdomo wa kabureta huku akisukuma wenzo wa mafuta kwa kidole. Katika kabureta iliyo na petroli huonekana mruko mwembamba. Hapakuwa na kitu. Kisima kilikuwa kikavu. Maana yake ni kwamba hakukuwa na haja ya kuifungua kabureta, kwani mwenye duka halaumiwi kwa kukosa unga ikiwa lori halikuleta. Kisha, injini ilipopoa, alichomoa mpira unaoingia kabureta, akauelekeza ndani ya chupa, na stata ikapigwa kwa muda mfupi. Pampu yenye afya hutema petroli kwa mapigo yenye nguvu. Ile ilitoa matone na mapovu.

Fundi mwenye haraka hapo angelisema, "Pampu imekufa." Mzee wetu alifanya jaribio moja zaidi, na hilo ndilo lililookoa fedha za mayatima. Alichukua mtungi mdogo wa petroli, akauweka chini kando ya gari, akaunganisha mpira mpya kutoka mtungini hadi kwenye mdomo wa pampu, na kuliacha tangi na bomba lake nje ya njia. Stata ikapigwa. Pampu ikatema petroli safi, pigo kwa pigo, bila ya povu. Basi pampu ilikuwa nzima. Alichomoa pia kijiti cha oili akakinusa, kwa sababu utando uliotoboka humwaga petroli ndani ya oili. Oili haikuwa na harufu hiyo. Ugonjwa ulikuwa nyuma ya pampu, kati yake na tangi.

Ndipo akamgeukia binti aliyekuja pamoja nasi. "Haya, mjukuu wangu, tuonyeshe huo mluzi." Binti akafungua kifuniko cha tangi, na sote tukaisikia hewa ikivutwa kwenda ndani. Mama zetu watalielewa jambo hili kuliko wanaume. Ukitoboa kopo la mafuta ya kupikia tundu moja tu, mafuta hutoka kwa kukwama kwama. Ukitoboa tundu la pili juu, hutiririka, maana hewa hupata pa kuingilia kuchukua nafasi ya mafuta yanayotoka. Tangi la gari ni kopo lile lile. Kifuniko cha asili kina kitundu cha kupumulia. Mama alikumbuka kwamba kifuniko cha marehemu kilipotea Voi, akanunua kingine kilichoenea mdomo wa tangi. Kilienea, lakini hakikuwa na kitundu. Kila pampu ilipofyonza, tangi liliivuta petroli kurudi nyuma, hata pampu ikashindwa. Katika ile nusu saa ya mapumziko hewa ilikuwa ikipenya polepole, na gari likafufuka.

Tulidhani kazi imekwisha. Kwa kifuniko kilichofunguliwa kidogo, gari lilipanda mbali zaidi, lakini kwenye kona ya mwisho likakohoa tena. Mzee hakushangaa. Alisema gari kuukuu mara nyingi lina maradhi mawili, na la kwanza hulificha la pili. Alilala chini akaufuata mpira unaotoka tangini kwa vidole, akaupinda, na mipasuko ikafunguka kama midomo. Tuliuliza kwa nini hapakuwa na tone chini ya gari. Akajibu kwamba upande ule hufyonza, hausukumi, kwa hiyo mpira uliopasuka hauvuji petroli nje bali huvuta hewa ndani. Ni kama kunywa dafu kwa mrija uliopasuka: unavuta kwa nguvu, na kinachokuja kinywani ni upepo.

Na kwa nini mlimani tu? Kwa sababu tatu zinazokutana. Mlimani injini hutaka petroli nyingi zaidi. Gari likiinua pua, pampu iliyo mbele huwa juu sana kuliko tangi lililo nyuma, na yapasa kuivuta petroli kwa kimo kikubwa zaidi. Tena joto la injini inayopanda polepole hulipasha bomba, na sehemu nyepesi za petroli huanza kugeuka mvuke katika joto lisilofika hata nusu ya lile la maji yanayochemka; zikivutwa kwa nguvu huwa mvuke mapema zaidi. Mvuke na hewa havisukumiki kama petroli, na kisima cha kabureta hukauka.

Mpira mpya na klempu zake, chujio jipya, kifuniko chenye kitundu na ujira wa fundi vilifika shilingi 3,900. Alimwaga pia petroli ya zamani katika chupa ya kioo na kuiacha usiku kucha. Asubuhi maji yalikuwa yametuama chini na petroli imeelea juu, maana petroli ni nyepesi kuliko maji. Kwa hiyo akalisafisha tangi. Siku ya pili pikapu ilipanda hadi Ronge Juu ikiwa na magunia ya mchanga nyuma, bila ya kukohoa.

Ami yao aliichukua karatasi ya mjini akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akatafuta watu wawili wanaojua bei za magari, kila mmoja kwa wakati wake, nao wakalithamini gari hilo kwa zaidi ya mara tano ya bei ya chuma chakavu. Kila binti, ambaye angepokea 8,750, alikuwa na haki inayozidi 40,000 katika gari lile lile. Hatumtuhumu fundi wa mjini kwa hila, kwa kuwa hatukuuona moyo wake. Lakini dhuluma kwa yatima haingoji mtu mwovu. Yatosha watu wema kadhaa kukubali neno moja bila ya kulipima.

Kwa hivyo twawausia wajane na walezi wa mayatima mambo machache.

La kwanza, msiuze chombo kibovu katika siku za msiba. Kikae, kihifadhiwe, na khabari zake ziandikwe: kilianza kuharibika lini, wapi, katika joto au baridi, kikiwa na mzigo au kitupu. Maelezo hayo ni dawa nusu.

La pili, fundi akisema kitu kimekufa, mwulize kwa adabu, "Umejuaje? Nionyeshe." Fundi mwaminifu hafichi ushahidi. Kipande kilichobadilishwa kirudishwe mkononi mwako, na gharama iandikwe. Maneno ya watu wawili wasioshauriana ni bora kuliko ya mmoja.

La tatu, jamaa wakikhitalifiana, Mahakama ya Kadhi ipo. Kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010 kimeipa mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nayo. Kwenda huko si kuwatangazia watu aibu ya ukoo; ni kuilinda haki ya asiyeweza kusema.

La nne ni la usalama, na twalisema kwa uzito. Petroli isifyonzwe kwa mdomo. Tone likiingia mapafuni laweza kuua. Isiwekwe, wala mafuta ya taa yasiwekwe, katika chupa ya soda ambayo mtoto ataidhania ni kinywaji. Mtoto akinywa, msimlazimishe kutapika, maana yakipanda yaweza kuingia mapafuni. Mpelekeni hospitali mara moja. Jaribio la cheche lisifanywe penye petroli wazi, na kazi hizi zote zifanywe nje, mbali na jiko na sigara, na fundi mwenye ujuzi. Huko Sachangwan, mwishoni mwa Januari 2009, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya lori la petroli kupinduka na kuwaka moto. Moto huo haumjui mwenye haja wala mtazamaji.

Pikapu haikuuzwa. Warithi na ami yao walikubaliana, kwa maandishi na mashahidi, ibaki kuwa mali ya wote, iendeshwe na dereva kwa malipo yanayojulikana, na mapato yake yaandikwe kila juma katika lile daftari la marehemu kwa mafungu 32. Mama ndiye anayeandika. Ukurasa wa kwanza ameandika matumizi ya shilingi 3,900, na chini yake safari ya kwanza ya ndizi kwenda Voi.